Je, EDM ni aina moja ya muziki au ni jina la jumla? Jibu kwa dijei wa Kisumu

"Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni dijei hapa Kisumu na nimezoea kupiga muziki kwenye harusi, mahafali na sherehe za makampuni. Juzi kampuni moja ilinialika kwenye sherehe yao katika hoteli iliyo kando ya ziwa, na ujumbe walionitumia ulisema wanataka 'dijei wa EDM'. Nikaandaa deep house, afro house na amapiano, kwa sababu yote ni muziki wa kielektroniki. Ilipofika saa nne usiku msimamizi wao alinifuata akaniambia kwamba hiyo siyo EDM, kwamba wao walitaka 'ile ya kuruka'. Mwishowe nililipwa nusu. Tangu siku hiyo nimewauliza wenzangu na kila mmoja ana jibu lake. Mmoja anasema EDM ni muziki wa wazungu. Mwingine anasema EDM na house ni kitu kimoja. Wa tatu anasema hata ohangla ya kinanda, ule muziki wetu wa Waluo, ni EDM kwa sababu inatumia mashine. EDM ni nini hasa? Nilikosea wapi? Na je, niendelee kujitangaza kama dijei wa EDM au niachane na hilo jina?"

Ndugu yangu, salamu zako zimefika. Katika swali lako naona mambo mawili. La kwanza ni pesa zako zilizokatwa, na la pili, ambalo naona linakukera zaidi, ni shaka kwamba huenda huujui vizuri muziki unaokupatia riziki. Nitaanza na hilo la pili, kwa sababu jibu lake ndilo litakalotufungulia njia ya kulishughulikia la kwanza. Kuhusu muziki wenyewe hukukosea. Wewe na mteja wako mlitumia jina moja kwa maana mbili tofauti, na maana zote mbili zinatumika hadi leo, tena na watu wanaoujua muziki huu vizuri.

EDM ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza electronic dance music, yaani muziki wa kielektroniki uliotengenezwa ili watu wacheze. Nitalitumia jina hilo kama lilivyo, kwa sababu tukisema "muziki wa dansi" msikilizaji wa Afrika Mashariki atafikiria bendi za magitaa na tarumbeta. Kwa maana pana, EDM ni jina la jumla la familia kubwa inayojumuisha house, techno, trance, drum and bass, dubstep na nyingine nyingi, ambazo zinafanana kwa kuwa sauti zake zinatengenezwa kwa mashine au kompyuta, mdundo ndio uti wake wa mgongo, na nyimbo zenyewe zimepangwa ili dijei aweze kuunganisha moja na nyingine bila kuwakatiza wachezaji. Kwa maana finyu, EDM ni mtindo mmoja tu, ule wa matamasha makubwa uliotawala kuanzia mwaka 2010 hivi, wenye sauti nzito za sinthesaiza (chombo kinachotengeneza sauti kwa umeme), kasi ya mapigo 128 hivi kwa dakika, na kilele ambacho umati wote hurukaruka kwa pamoja. Mteja aliyefika Dunga, kule ufukweni, akaagiza "samaki" huku moyoni akitamani ngege (sato) wa kukaanga hawezi kusema kwamba omena, yaani dagaa, si samaki, lakini njaa yake haitatulia kwa omena. Ndivyo ilivyokuwa kwa msimamizi wako.

Sasa tuliangalie lile dai la kwamba huu ni muziki wa wazungu, ambalo nalisikia mara nyingi na ambalo linanisikitisha kwa sababu linawanyang'anya watu weusi kazi waliyoifanya. Mwaka 1977 mjini Chicago, Marekani, ilifunguliwa klabu iliyoitwa Warehouse, na dijei wake mkuu alikuwa Frankie Knuckles, kijana mweusi aliyetoka New York. Waliokuwa wakijaza ukumbi ule wengi wao walikuwa vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na wengi walikuwa watu wa mapenzi ya jinsia moja ambao klabu nyingine hazikuwataka. Jina house kwa kawaida huelezwa kuwa lilitokana na jina la klabu ile. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park katika mji huo huo, sahani za disko zililipuliwa hadharani mbele ya maelfu ya watu, na makampuni ya muziki yakaanza kuliacha disko. Madijei wa Chicago hawakuliacha. Walirefusha sehemu za mdundo kwa kukata na kuunganisha kanda, kisha wakaongeza mashine za ngoma juu yake, na mwaka 1984 Jesse Saunders akatoa "On and On", ambao wengi huuhesabu kuwa miongoni mwa nyimbo za kwanza kabisa za house kutolewa kwenye sahani.

Mashine zenyewe zinastahili kuelezwa, kwa sababu ndizo zilizotoa umbo la muziki huu. Kampuni ya Roland ya Japani ilitoa TR-808 mwaka 1980 na TR-909 mwaka 1983, na mbele ya kila moja kuna vitufe 16 vilivyopangwa kwa mstari, kila kimoja kikiwakilisha hatua moja ya mdundo. Ukibonyeza cha kwanza, cha tano, cha tisa na cha kumi na tatu kwa sauti ya ngoma ya besi, umepata lile pigo linalorudi kila hesabu ya moja, mbili, tatu, nne, ambalo ndilo msingi wa house na techno. Kisha ukiweka matoazi katikati ya mapigo hayo na kofi kwenye hesabu ya pili na ya nne, tayari umepata biti ambayo mtu anaweza kuicheza usiku kucha. Mashine nyingine, TB-303, ilikusudiwa kumpigia besi mwanamuziki aliyekuwa peke yake. Haikupata soko, utengenezaji wake ukasimamishwa mwaka 1984, na bei ya zilizokwisha kutumika ikashuka hadi vijana wasio na pesa wakaweza kuzinunua. Kundi la Phuture la Chicago lilipozungusha vifundo vyake huku mdundo ukiendelea, ile sauti ya kulia na kujikunja ikazaa "Acid Tracks" mwaka 1987 na mtindo mzima wa acid house. Napenda sana kuwaeleza wanafunzi wangu habari hii, maana inaonyesha kwamba chombo kilichodharauliwa dukani kilipata kazi yake kwa watu ambao hakikutengenezewa.

Detroit nayo ilikuwa na vijana watatu weusi waliojuana tangu shuleni katika kitongoji cha Belleville: Juan Atkins, Derrick May na Kevin Saunderson. Wao ndio wanaotajwa kuwa waasisi wa techno, na jina hilo lilienea zaidi mwaka 1988 baada ya albamu ya mkusanyiko wa nyimbo za Detroit kutolewa Uingereza. Hata hivyo, haki inataka tuseme pia kwamba Ulaya haikukaa ikitazama tu. Kundi la Kraftwerk la Ujerumani lilisikilizwa kwa makini sana na vijana wale wa Detroit, na "I Feel Love", ulioimbwa na Donna Summer mwaka 1977 chini ya mtayarishaji Mwitaliano Giorgio Moroder, ulikwisha kuonyesha kwamba wimbo mzima wa kuchezwa unaweza kujengwa juu ya sinthesaiza. Baadaye Uingereza iliupokea muziki huu kwa shauku kubwa, hata bunge lake likapitisha sheria mwaka 1994 iliyowapa polisi uwezo wa kuvunja mikusanyiko ya nje ya usiku, na sheria hiyo ilijaribu kuutaja muziki wenyewe kwa kuzungumzia mfululizo wa mapigo yanayojirudia. Maelezo hayo yangeweza kuinasa hata ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho kule Kakamega. Unaona jinsi ilivyo vigumu kuufafanua muziki kwa sifa moja tu.

Jina EDM lenyewe lilianza kutumika Marekani tangu miaka ya 1980, lakini halikuwa na nguvu. Katika miaka ya 1990 magazeti ya huko yalipendelea neno electronica, na Ulaya watu walitaja mtindo kwa jina lake. Mambo yalibadilika mwishoni mwa miaka ya 2000, pale watayarishaji kama David Guetta wa Ufaransa walipoanza kushirikiana na nyota wa Marekani, na matamasha makubwa yakavuta umati mkubwa. Wafanyabiashara walihitaji jina moja la kuuzia kila kitu, nalo EDM likafaa. "Levels" wa Avicii ulitoka mwaka 2011, na "Animals" wa Martin Garrix ukatoka mwaka 2013 akiwa na umri wa miaka 17, na nyimbo za namna hiyo ndizo zilizokuja kuwakilisha jina hilo masikioni mwa watu wengi. Kampuni ya SFX ya Marekani ilinunua matamasha kadhaa pamoja na duka la muziki la mtandaoni la Beatport, kisha mwaka 2016 ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake. Biashara ile ilipungua kasi, lakini jina lilibaki na maana yake ya pili. Ndiyo sababu dijei wa Detroit aliyezeeka katika kazi anaweza kukasirika ukimwita dijei wa EDM, huku meneja wa hoteli akiona amekuheshimu.

Mwenzako anayesema EDM na house ni kitu kimoja anachanganya familia na mzaliwa wake. Kila house ni EDM kwa ile maana pana, lakini si kila EDM ni house. Drum and bass hukimbia mapigo 170 hivi kwa dakika na ngoma zake huvunjwavunjwa badala ya kupiga sawasawa, na dubstep hukaa kwenye 140 hivi lakini huhisiwa kana kwamba inatembea kwa nusu ya kasi hiyo.

Ohangla ya kinanda ni swali zuri zaidi, na nataka tulitulie kidogo. Ni kweli kwamba bendi nyingi za ohangla hapa Nyanza hutumia kinanda chenye midundo iliyopangwa tayari, hivyo vyombo ni vya kielektroniki na watu wanacheza. Hata hivyo chombo peke yake hakitoshi kuupa muziki ukoo. Tazama jinsi ohangla inavyokwenda ukumbini: mwimbaji ndiye anayeongoza, na mtu akitoa pesa kwa ajili ya pakruok, muziki hushushwa ili ajisifu, kisha unapandishwa tena. Urefu wa kila sehemu unategemea nani amesimama na ana nini cha kusema. Wimbo wa house umepangwa kinyume kabisa cha hapo. Sehemu zake zimepimwa kwa mafungu ya mapigo 16 au 32, mwanzo na mwisho wake huwa na mdundo mtupu ili dijei apate nafasi ya kuulaza juu ya mwingine, na maneno yakiwemo huwa machache. Kwa hiyo mimi siiiti ohangla EDM, na sioni kwamba inapungukiwa na chochote kwa kutoitwa hivyo. Ila mitindo hii inaweza kukutana. Owiny Sigoma Band iliwaunganisha mpiga nyatiti Joseph Nyamungu na mpiga ngoma Charles Owoko na wanamuziki wa London, na albamu yao ya mwaka 2015 iliitwa "Nyanza". Itafute uisikilize kwa spika nzuri, maana utasikia nyuzi za nyatiti zikifanya kazi ambayo kwingine ingefanywa na sinthesaiza.

Turudi kwenye sherehe yako, kwa sababu hapo ndipo mbinu za kazi zinapoonekana. Ile "ya kuruka" aliyoitaka msimamizi ina utaratibu wake. Kwa kasi ya mapigo 128 kwa dakika, fungu la mapigo 32 huchukua sekunde 15 kamili. Mtayarishaji hutumia fungu moja au mawili kuondoa ngoma ya besi, akabakiza sauti za juu, akaongeza ngoma ndogo inayopigwa kwa kuharakishwa zaidi na zaidi huku sauti moja ikipanda, kisha akakata kila kitu kwa kitambo kifupi sana, halafu besi na ngoma vikarudi kwa pamoja. Mwili uliokwisha kuzoea pigo la besi husubiri lirudi, na likirudi watu huruka. Jambo hili si geni kwetu, kwani wapenzi wa benga wanapajua pale mwimbaji anaponyamaza na magitaa yakauchukua wimbo kwa kasi, na ukumbi ukabadilika. Tofauti ni kwamba benga haimwachi mchezaji bila mdundo hata kidogo.

Amapiano, iliyozaliwa katika vitongoji vya mkoa wa Gauteng, Afrika Kusini, haifanyi hivyo. Nyingi hukaa kati ya mapigo 110 na 115, pigo la ngoma ya besi mara nyingi halipo kwenye kila hesabu, na uzito hubebwa na ile besi yenye mlio wa gogo inayoitwa log drum. Ni muziki wa kuchezesha miguu na mabega kwa utulivu, na mtu aliyekuja akiwa tayari kuruka huona kana kwamba bado anasubiri kitu. Tena kutoka 112 hadi 128 ni ongezeko la asilimia 14 hivi, na deki maarufu za sahani za Technics SL-1200MK2 ziliruhusu kubadilisha kasi kwa asilimia 8 tu juu au chini. Programu za leo zitakuruhusu kuvuka hapo, lakini sikio la mchezaji litagundua. Usiku mwingine ukikabiliwa na hali kama ile, panda kwa ngazi: ondoka kwenye amapiano kupitia afro house ya 120 hadi 124, kaa hapo nyimbo kadhaa, kisha ingia 126 na 128.

Je, uliache jina? Ushauri wangu ni kwamba ulitumie pale linapokusaidia na usilitegemee pale linapoweza kukuponza. Kwenye bango na kwenye mitandao, EDM ni neno ambalo kampuni, watalii na wanafunzi wa vyuo wanalitambua, na ukiliacha kabisa utapoteza wateja wasiojua tofauti ya afro house na techno lakini wako tayari kukulipa. Ubaya wake ni kwamba linampa kila mteja ruhusa ya kufikiria analolitaka. Kwenye makubaliano, kwa hiyo, andika majina finyu. Mwombe mteja akutajie nyimbo tano anazotaka ziwe mfano wa usiku wake, mtumie miksi fupi aisikilize kabla ya kulipa amana, na muulize watu wake watakuwa wamekaa au wamesimama na kuanzia saa ngapi. Swali hilo la mwisho litakueleza mengi kuliko jina lolote la mtindo. Wapo madijei wanaoona aibu kuuliza, wakidhani wataonekana hawajui kazi, lakini mimi naona anayeuliza ndiye anayeaminika. Na ukitaka kujulikana kwa mtindo mmoja, usione haya kuchagua ule uliopiga usiku ule: Black Coffee wa Afrika Kusini alishinda tuzo ya Grammy mwaka 2022 kwa albamu bora ya muziki wa dansi na elektroniki, na hapa Kenya kundi la Just a Band lilifanya muziki wa kielektroniki wenye sauti ya nyumbani miaka mingi kabla ya amapiano kutufikia.

Kuna mambo mawili ambayo maandishi hayawezi kukutatulia. Kama masikio yako bado hayatofautishi house na techno, au unaona ugumu kusikia fungu la mapigo 32 linapoanza, tafuta mtayarishaji au dijei mkongwe hapa mjini, ukae naye mbele ya spika mkihesabu pamoja, kwa sababu kosa la kuhesabu husahihishwa na mtu anayekusikia ukilifanya. Ukiweza, vuka mpaka wa Busia uende kwenye tamasha la Nyege Nyege, lililoanza mwaka 2015 karibu na Jinja, Uganda, ambako utasikia hata singeli ya Dar es Salaam inayopita mapigo 200 kwa dakika, na utaona jinsi umati mmoja unavyobadilika kutoka kasi moja hadi nyingine.

La pili ni pesa zako. Ikiwa ujumbe wao ulisema "dijei wa EDM" na hakuna zaidi, muziki uliopiga unaingia katika maana ya neno hilo, na sioni msingi wa kukukata nusu. Lakini mimi ni mwalimu wa muziki na si wakili, na huenda kuna ujumbe mwingine au maneno ya simu yanayobadilisha picha. Waandikie kwanza barua ya upole ukidai salio na uwape muda wa kujibu. Wakikataa, mwone wakili ana kwa ana, au nenda ukaulizie utaratibu wa Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1 na ambako unaweza kujisimamia bila wakili. Beba simu yenye ujumbe wenyewe, taarifa ya M-Pesa inayoonyesha nusu uliyolipwa, na orodha ya nyimbo za usiku ule, ambayo huenda programu yako ya kupigia muziki bado imeihifadhi katika historia yake pamoja na saa ya kila wimbo. Iprinti orodha hiyo mapema, kabla hujafuta kitu au kubadilisha kompyuta.